Chasisi Hunepa, Haipindi: Maoni Juu ya Rasimu Moja ya Tafsiri

Tumeletewa rasimu ya tafsiri ili tuitolee maoni. Ni mwongozo mfupi uliotungwa Australia kwa ajili ya wenye pikapu za kabini mbili. Waeleza namna fremu ya gari inavyojongea gari linapopita katika njia mbovu, na namna kanopi iliyofungwa juu ya bodi ya nyuma inavyojongea pamoja na fremu hiyo au kinyume chake. Aliyeifasiri hatutamtaja. Kiingereza anakijua, na Kiswahili chake chasomeka bila ya taabu. Makosa tutakayoyaonyesha si ya uvivu. Ni ya mtu aliyeiamini orodha ya istilahi kuliko alivyoliamini gari lenyewe. Kwa kuwa magari ya namna hii ndiyo yanayowabeba mabwana shamba, wauguzi, wapimaji wa ardhi na maofisa wa serikali katika nchi zetu, na kwa kuwa mwongozo huu unakusudiwa kuwekwa mikononi mwa madereva na wakaguzi wa magari, tumeona yafaa tuyajadili makosa hayo hadharani badala ya kuyaandika pembeni mwa karatasi na kuirudisha.

Neno la kwanza kabisa la rasimu ni "ute". Waaustralia hulitamka "yuti", nalo ni kifupi cha neno lao la gari la matumizi mengi. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 mke wa mkulima mmoja wa jimbo la Victoria aliwaandikia watu wa Ford akitaka gari moja litakalowapeleka kanisani siku ya Jumapili bila ya kuloa na kuwapeleka nguruwe sokoni siku ya Jumatatu. Lewis Bandt, msanifu kijana katika kiwanda cha Ford cha Geelong, alilichora, na mwaka 1934 likaanza kuundwa. Gari lile lilikuwa na kabini na bodi ya mzigo vilivyounganishwa vikawa kitu kimoja. Ukoo wa magari ya kuundwa Australia umekwisha: Ford waliacha kuunda magari nchini humo mwaka 2016, na Holden wakafuata mwaka 2017. Jina, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye pikapu zinazoagizwa kutoka Thailand, kama vile Hilux na Ranger. Na mwaka huo huo wa 2016 Hilux ndiyo iliyouzwa zaidi ya gari jingine lolote Australia.

Mfasiri wetu ameliacha neno hilo kama lilivyo, akaandika "ute wenye kabini mbili" na, mahali pengine, "ute unaopita kwenye mawe". Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ute wa yai, au ule unaomtoka mgonjwa wa mafua. Tumecheka, nasi tunaomba radhi kwa kucheka. Lakini jambo lenyewe lina uzito: neno la kukopa huletwa pale tu ambapo hatuna letu, nasi tunalo. Kila kituo cha mafuta kutoka Tunduma hadi Lamu wanasema "pikapu", na hii ya milango minne wanaiita "dabo kebini". Ikiwa mtu ataona "dabo kebini" lina harufu ya gereji, "pikapu ya kabini mbili" latosha, nalo ndilo tutakalolitumia.

Jambo jingine linajificha katika jina hilo, nalo ndilo lililotufanya tueleze historia yake. Gari la mwaka 1934 lilikuwa kipande kimoja. Pikapu ya leo ina kabini yake mbali na bodi yake mbali, na vyote viwili vimekalia fremu, huku mwanya wa vidole viwili vitatu ukivitenga. Mwanya huo si kosa la kiwandani. Umeachwa kwa makusudi, kwa sababu fremu ikijongea, kabini na bodi havijongei kwa namna moja. Asiyeuona mwanya huo hawezi kuufasiri mwongozo huu, hata awe na kamusi kumi.

Tuje kwenye lile neno la njia. Rasimu yasema mara nyingi "gari linapokuwa nje ya barabara". Katika Kiswahili cha magazeti na cha polisi, gari lililotoka nje ya barabara ni gari lililopata ajali: liliacha njia, likapinduka, na majeruhi wakakimbizwa hospitali. Msomaji ataudhania mwongozo huu kuwa wa mambo ya kufanya baada ya kupinduka. Kinachokusudiwa ni safari ya porini, ya mchangani, ya kwenye makorongo, au ya barabara isiyo ya lami ambayo imejikunja vituta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia. Barabara ya Gibb River huko Kimberley, magharibi ya Australia, yenye urefu wa kilomita 660 hivi, ni mfano unaojulikana. Nayo ni barabara halali, wala aliye juu yake hayuko nje ya barabara yoyote. "Njia mbovu" ni maneno mawili ya kawaida ambayo kila mtu anayaelewa. Pale ambapo hapana njia kabisa, "porini" latosha.

Sasa tuingie katika kiini. Chasisi ya pikapu (mafundi wengi husema "chesesi", na wengine "chesisi", sisi twafuata "chasisi" bila ya kuanzisha vita) ni fremu ya mfano wa ngazi: vyuma viwili virefu vinavyokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na vingine vifupi vinavyokingama kati yake. Ngazi ya mbao ukiilaza juu ya matofali mawili na kukanyaga katikati, hubonyea kidogo, kisha ukishuka hurudi ilivyokuwa. Ukiishika ncha moja na mwenzako ncha ya pili, kila mmoja akazungusha upande wake, hujisokota kidogo, kisha mkiiachia hurudi. Ukiipandisha mzigo usio kiasi chake, huenda ikapata kigosho ambacho hakitoki tena. Hapa pana mambo matatu, na Kiingereza cha mwongozo kina maneno matatu mbalimbali kwa mambo hayo. Mfasiri ametumia neno moja kwa yote: kupinda.

Matokeo yake ni sentensi ambayo imetukosesha usingizi. Katika ukurasa wa pili rasimu inamwambia msomaji kwamba chasisi kupinda ni jambo la kawaida na kwamba mwenye gari asishtuke. Asili yake yasema kwamba ni kawaida kwa chasisi kujongea chini ya mzigo na kurudi. Kurasa mbili mbele, rasimu hiyo hiyo yasema kwamba gari lililopinda chasisi lisiendeshwe. Mkaguzi wa magari wa wilayani, mtu mwenye stempu na fomu mbele yake, atafuata lipi? Akiifuata sentensi ya kwanza, atalipitisha gari ambalo fremu yake imekunjika nyuma ya kabini. Akiifuata ya pili, atalizuia kila gari lililowahi kuonekana likijongea. Na mwenye gari akienda kudai fidia kwa bima, yule wa bima atamfungulia ukurasa wa pili na kumsomea kwamba kupinda ni kawaida.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Tunalo neno "kunepa". Aliyewahi kumwona mchukuzi wa maji na mzegazega wake begani, madumu mawili yakining'inia huku na huku, ameona mti unavyonepa kwa kila hatua: unashuka ncha zote mbili, unapanda, unashuka tena, na jioni mti ni ule ule ulionyooka. Tawi lenye maembe hunepa. Daraja la miti hunepa. Neno hili lina ndani yake mambo yote mawili tunayoyahitaji, yaani uzito unaokandamiza na hali ya kurudi uzito ukiondoka. Halina lawama ndani yake. Kutokana nalo twaweza kupata "mnepo" kwa kile kipimo cha kushuka ambacho mhandisi hukiandika kwa milimita. Tumeulizwa kama mafundi wa bara wanalifahamu neno hili. Baadhi hawalitumii, ni kweli. Lakini tulipowaeleza wachache kwa mfano wa mzegazega hapana aliyeuliza mara ya pili, jambo ambalo hatuwezi kulisema kuhusu "kupinda kwa kielastiki", lililopendekezwa na mwenzetu mmoja.

"Kunyumbuka" ni neno zuri pia, nasi hatulitupi. Lakini kunyumbuka kwaeleza tabia ya kitu, jinsi kilivyo kwa asili yake: mpira hunyumbuka, ngozi iliyotiwa mafuta hunyumbuka. Twaweza kusema chasisi ina unyumbufu fulani, na kwa sababu ya unyumbufu huo hunepa ikibebeshwa mzigo. Hayo ni maneno mawili yanayosaidiana, wala si maneno mawili yanayogombea kiti kimoja.

Basi "kupinda" tuliachie kazi yake, ambayo ni ile ya kudumu. Na hapa sarufi yenyewe inatusaidia, kama mfasiri angeiruhusu. "Chasisi hunepa" ni desturi. "Chasisi imepinda" ni hali iliyobaki baada ya tendo, nayo yamtaka mtu achukue hatua. Kiambishi "hu" na kiambishi "me" vinabeba nusu ya maana ambayo Kiingereza hulazimika kuieleza kwa maneno. Rasimu yaandika "chasisi hupinda" mahali kumi na mbili. Tumeyahesabu. Katika mahali tisa ilipasa kuwa "hunepa", katika mawili "hujisokota", na katika pamoja tu ndipo kupinda kunakusudiwa, nako ilipasa kuwa "imepinda".

Kuhusu kujisokota yafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndilo tendo linaloisumbua kanopi kuliko jingine lolote. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda juu ya jiwe na la nyuma la kulia likipanda juu ya jingine, magurudumu mawili yaliyobaki yakiwa shimoni, ncha ya mbele ya fremu huelekea upande mmoja na ncha ya nyuma upande wa pili. Springi huchukua sehemu ya tofauti hiyo, na sehemu inayobaki huchukuliwa na fremu. Kiasi cha kujisokota hutegemea sana umbo la chuma. Mwalimu anaweza kulionyesha hili darasani kwa karatasi mbili: azikunje zote ziwe mianzi, moja aigundishe ukingo wake kwa gundi na nyingine aiache wazi. Ile ya wazi itasokoteka kwa vidole viwili, iliyogundishwa itakataa. Fremu za malori mengi zimetengenezwa kwa chuma kilicho wazi upande mmoja, na kwa makusudi hujisokota sana. Pikapu nyingi za leo zina vyuma vilivyofungwa pande zote nne, nazo hujisokota kidogo zaidi. Lakini hujisokota.

Istilahi ya jambo hili imeleta mabishano katika chumba chetu. "Kujinyonga" lilipendekezwa na mzee mmoja mwenye Kiswahili cha zamani, na katika Kiswahili hicho kunyonga ni kusokota tu. Lakini leo chasisi iliyojinyonga itahitaji uchunguzi wa polisi. "Kupotoka" limekwisha kuchukuliwa na maadili. "Msokoto" ndilo linalofaa, ijapokuwa msomaji wa habari za mahakamani amelizoea kwa jambo jingine: mshtakiwa alikutwa na misokoto kadhaa ya bangi. Tumelipima shauri hilo, tukaona kwamba mwalimu wa fizikia hatashtakiwa kwa kulitamka. Neno laweza kubeba mizigo miwili bila ya kuanguka, mradi mizigo yenyewe haikutani katika sentensi moja.

Sinia na beseni, ambazo rasimu imezitumia kwa aina mbili za bodi ya mzigo, tunazipita haraka. Ile bapa isiyo na kuta ni "bodi bapa", na ile ya kiwandani yenye kuta ni "bodi ya nyuma". Pilau haipakuliwi humo.

Kanopi imemtia mfasiri katika mtego mkubwa zaidi. Alipoifungua kamusi alikuta "chandarua", na kamusi haikumdanganya: chandarua kwa asili ni kitambaa cha kutandwa juu, cha kuzuia jua, vumbi au mbu. Lakini kitu kinachozungumzwa na mwongozo ni sanduku gumu la alumini, chuma au faibaglasi, lenye milango, vioo na kufuli, ambalo hufunika bodi yote ya nyuma na ambalo ndani yake huwekwa zana, matangi ya maji, betri na jokofu. Uzito wake pamoja na vilivyomo waweza kufika mamia ya kilo. Rasimu inaposema kwamba "chandarua kikifungwa kwa nguvu mno kitapasuka kwenye pembe", msomaji atatafuta sindano na uzi, ilhali anayehitajika ni fundi wa kuchomelea. Wenye magari husema "kanopi", nasi twaona hapana haja ya kwenda mbali. Neno hilo limekwisha kuvaa kanzu. Kazi iliyobaki ni kuliandika kwa tahajia moja.

Halafu ipo "mwendo wa kanopi", iliyowekwa kuwa kichwa cha sura ya tatu. Mwendo katika gari ni kasi. Kila bango la barabarani lasema hivyo. Tukiondoa hilo, bado kuna upungufu mkubwa zaidi, kwa sababu asili ina mambo mawili ambayo fundi yeyote huyatenganisha bila ya kufikiri. Kanopi "husogea" pale inapofuatana na bodi iliyo chini yake, na hili latarajiwa. Kanopi "hucheza" pale ambapo kifungo chake kimelegea, na hapo pana nafasi isiyotakiwa kati ya bolti na tundu lake. Kucheza ni neno la gereji lenye umri mrefu: usukani unacheza, gurudumu linacheza, bushi imekwisha na inacheza. Hatujui kwa nini waandishi wa istilahi huliona haya. Ni neno sahihi, fupi, na lenye kupimika. Mwongozo ukisema "kanopi isogee, lakini isicheze", umesema katika maneno manne jambo ambalo rasimu imelihangaikia ukurasa mzima bila ya kulifikisha.

Hili la kusogea na kucheza ndilo lenye hasara ya kweli ya fedha. Kanopi ni sanduku, na sanduku lililofungwa pande zote ni gumu sana kulisokota kuliko fremu iliyo chini yake. Ukilikaza kwa bolti nne, pembe kwa pembe, kwenye bodi inayojisokota, mmoja lazima atii. Ama kanopi itaigandisha bodi isijongee, na nguvu yote iende ikakusanyike kwenye vifungo, ama vifungo vitaivuta kanopi hadi pembe zianze kupasuka. Dalili za kwanza ni ndogo: mlango wa nyuma haujifungi vizuri gari likiwa limeegeshwa mahali pasipo tambarare, vumbi linaingia penye raba ya mlango, rangi inakwaruzika pale ambapo ukuta wa mbele wa kanopi umeigusa kabini. Baadaye huonekana nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa. Kioo huvunjika bila ya kupigwa na jiwe.

Wahandisi wamelijibu jambo hili kwa njia kadhaa. Iliyo rahisi ni kuweka raba nene chini ya kanopi, ili raba ndiyo ijongee. Nyingine ni kufunga ncha moja kwa bolti za kawaida na ncha ya pili kwa bolti zenye springi, zinazoruhusu kunyanyuka kidogo. Ya tatu, inayotumiwa kwenye malori ya safari ndefu za porini, ni kulikalisha sanduku juu ya mahali patatu tu, na angalau mahali pamoja pawe na egemeo linalozunguka. Unimog ya Ujerumani, ambayo uundaji wake ulianza mwaka 1948 na ambayo fremu yake imekusudiwa kujisokota sana, ni maarufu kwa ufungaji wa namna hiyo. Mfasiri ameandika "kupachika kwa pointi tatu". Hatusemi ni kosa, bali tunauliza: je, kuna mwana wa Afrika ya Mashariki asiyejua kwa nini mafiga ni matatu? Chungu juu ya mafiga matatu hutulia hata kama ardhi ina mabonde, kwa sababu kila figa hubeba na hapana linaloning'inia. Ukiongeza la nne, chungu kitacheza mpaka ulichimbie moja. Hiyo ndiyo hesabu yote ya egemeo la namna tatu, nayo imo katika kila jiko la shamba. Twapendekeza "ufungaji wa mafiga". Huenda vijana wa mjini waliozaliwa juu ya jiko la gesi watauliza figa ni nini; waulize, wajibiwe. Hata wanasiasa wetu wameutumia mfano huo majukwaani wakaeleweka.

Mahali pengine rasimu inapokosea kwa hatari ni pale inapoandika "uchakavu" kwa kile ambacho wahandisi hukiita uchovu wa chuma. Kuchakaa ni kulika: bushi huchakaa, tairi huchakaa, na jicho laweza kuona. Kuchoka ni jambo jingine. Chukua waya wa sengenge, uupinde huku na huku mahali pamoja. Haupungui unene, hauliki, na ghafla hukatika. Vituta vya barabara ya vumbi huifanyia kanopi kazi hiyo hiyo: vipigo vidogo visivyo na idadi, kila kimoja chepesi kiasi kwamba hakingeweza kuvunja chochote peke yake. Msokoto wa kwenye mawe ni mkubwa na wa polepole. Mtikisiko wa vituta ni mdogo na wa haraka. Wa kwanza hukuonyesha kosa la ufungaji siku ile ile. Wa pili hukaa kimya miezi. Mkaguzi aliyeambiwa atafute uchakavu atatazama kama chuma kimelika, atakikuta kizima, na ataandika "safi". Aliyeambiwa atafute uchovu atapitisha kidole penye maungio akitafuta ufa mwembamba kama unywele.

Yabaki lile la kupinda kwenyewe, ambalo rasimu imelieleza katika mistari mitatu tu kwa kuwa ilikwisha kulimaliza neno lake mapema. Pikapu ya kabini mbili ina udhaifu wa umbile: kabini ndefu imeisukuma bodi nyuma, hata sehemu kubwa ya mzigo huning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Tufanye hesabu. Tuseme ekseli mbili zimeachana mita 3, na trela imeweka kilo 250 kwenye ndoano iliyo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 100, na ya nyuma haitabeba 250 bali 350. Fremu imekuwa mzani, ekseli ya nyuma ikiwa kitovu chake. Ongeza kanopi iliyojazwa zana hadi ukutani mwa nyuma. Kisha mwenye gari, akiona nyuma imeshuka, anaweka mifuko ya hewa kati ya ekseli na fremu ili iinuke. Gari linainuka na linapendeza. Lakini springi ya majani huigawa nguvu kwenye mashikio mawili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli, ilhali mfuko wa hewa huisukuma fremu mahali pamoja tu, juu ya ekseli. Gari likidumbukia katika korongo kwa kasi, fremu yaweza kukunjika hapo au mbele yake kidogo, karibu na mwisho wa kabini. Ule mwanya kati ya kabini na bodi utaonekana mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, na hautarudi. Hapo ndipo neno "imepinda" linapostahili kuandikwa, kwa wino mwekundu ikibidi.

Tumejiuliza kosa la rasimu hii limetoka wapi, na jibu halimhusu mfasiri peke yake. Orodha zetu nyingi za istilahi zimepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, bila ya maana wala mfano kati yake. Neno moja hupewa neno moja, kama watu wanaogawiwa mashuka bweni zima. Mfasiri mtiifu akiifuata orodha hiyo hana njia ya kujua kwamba neno la Kiingereza alilolikuta mara kumi na mbili lilikuwa na kazi tatu. Walioandaa orodha walianza na karatasi. Kama wangeanza na gari lililoinuliwa kwa jeki, gurudumu moja hewani, na fundi akionyesha kwa bisibisi kinachosogea, kinachocheza na kilichopinda, wangerudi na maneno matatu kabla ya chai ya saa nne. Sisi wenyewe tumeshiriki katika orodha za namna ya kwanza, kwa hiyo lawama hii tunaichukua fungu letu.

Rasimu tumeirudisha. Tumeomba "ute" uondolewe, "nje ya barabara" iwe "njia mbovu", "chandarua" kiwe "kanopi", na "uchakavu" wa ukurasa wa tano uwe "uchovu". Ile sentensi ya ukurasa wa pili tumeiandika upya kwa mkono wetu: "Ni kawaida kwa chasisi kunepa na kujisokota gari linapopita njia mbovu, lakini ikiwa gari limesimama mahali tambarare, bila ya mzigo, na mwanya kati ya kabini na bodi si sawa juu na chini, chasisi imepinda, na gari lisiendeshwe mpaka fundi alione." Mfasiri ametujibu kwamba amekubali yote isipokuwa mafiga, ambayo anaona hayatakubaliwa na waliomtuma kazi hiyo. Tumemwomba awaulize kwanza.